Judah Folkman, daktari aliyeuliza uvimbe unalishwa na nani

Miaka yangu ya mwanzo kazini, mama mmoja aliniletea kliniki mtoto wa wiki 6 mwenye doa jekundu kwenye kope la juu. Lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Nilimpima mtoto uzito, nikajaza kadi, nikamwambia mama asiwe na wasiwasi, litaisha lenyewe. Kwa alama nyingi za aina ile, jibu hilo ni kweli. Kwa alama iliyokaa juu ya jicho halikutosha. Chanjo ya wiki ya 10 sikuwepo kazini. Aliporudi wiki ya 14 doa lilikuwa limevimba kama zabibu, na kope lilikuwa halifunguki. Tulimpa rufaa siku ile ile, akapata dawa, uvimbe ukanywea. Jicho lile linaona mpaka leo, lakini si sawa na mwenzake.

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu alama hizi, maana niliona haya. Na kila niliposoma nilikutana na jina la daktari mmoja wa watoto wa Marekani, marehemu Judah Folkman. Mama mwenzangu, na wewe baba, bibi au shangazi unayelea, nataka nikusimulie maisha yake. Huenda hujawahi kumsikia. Lakini kama umewahi kuwekewa kijiti cha uzazi wa mpango, kama mtoto wako alizaliwa njiti akapimwa macho, kama ulipata kifafa cha mimba au una mtoto mwenye alama nyekundu iliyovimba, basi alichokuwa anakitafuta mtu huyu kimepita mlangoni kwako.

Mtoto wa kasisi wa Kiyahudi

Folkman alizaliwa tarehe 24 Februari 1933 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, na alikuwa na desturi ya kumchukua mwanawe anapokwenda kuwaombea wagonjwa hospitalini. Zamani zile mgonjwa wa mapafu alilazwa ndani ya hema la plastiki lenye oksijeni. Mtoto aliona kwamba baba yake anaomba akiwa nje ya hema, wakati daktari anafungua na kuingiza mikono ndani. Akiwa bado mdogo alimweleza baba yake kwamba angependa kuwa daktari. Baba hakukasirika. Alimwambia kwamba anaweza kuwa daktari mwenye moyo wa rabi, na wagonjwa wake waliomjua walisema ndivyo alivyokuwa.

Alisoma Chuo Kikuu cha Ohio State, kisha shule ya udaktari ya Harvard, akamaliza mwaka 1957 na kuanza mafunzo ya upasuaji mjini Boston. Mwaka 1960 alioa, na mwaka huo huo akaitwa kutumikia jeshi la majini kwa miaka miwili.

Jeshi halikumpeleka vitani. Lilimweka maabara, huko Bethesda karibu na Washington. Tatizo la jeshi lilikuwa damu: meli ikikaa baharini miezi mingi, damu ya kuwaongezea majeruhi inaharibika. Je, inaweza kutengenezwa kitu mbadala? Folkman na mwenzake Frederick Becker walikausha ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, wakaichanganya na maji ya chumvi, wakaipitisha ndani ya tezi ya mnyama iliyotolewa mwilini, ili waone kama tezi itabaki hai. Ilibaki hai. Ili wajue kama kitu kinaweza pia kukua humo, wakaweka seli za saratani.

Seli zilianza kukua, zikafika ukubwa wa kichwa cha pini, zikasimama. Zote. Hazikufa, zilisimama tu. Walipozichukua vile vivimbe na kuvipandikiza kwenye panya hai, vikaanza kukua upya mpaka vikawa vikubwa. Tofauti ilikuwa nini? Ndani ya panya, vivimbe viliingiwa na mishipa mipya ya damu. Kwenye ile tezi ya maabara hakuna mshipa mpya uliochipua.

Swali hilo lilimkaa Folkman kichwani kwa miaka 46 iliyobaki ya maisha yake.

Kabla sijaendelea, kuna jambo jingine alilofanya hapo hapo jeshini, na sijui kwa nini halisimuliwi zaidi. Yeye na mwenzake David Long waligundua kwamba dawa ikiwekwa ndani ya kijiko chembamba cha mpira wa silikoni, kijiko kilicho kama mrija, na kufukiwa mwilini, hutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Waliandika hayo mwaka 1964, na haki ya ugunduzi huo waliitoa bure kwa watafiti wa uzazi wa mpango. Kutokana na wazo hilo kilikuja Norplant, vijiti 6 vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, vilivyoidhinishwa kwanza Finland mwaka 1983. Jadelle, ile ya vijiti 2 ambayo wengi wenu mnaijua, ni mdogo wake.

Mshipa mpya unachipuaje?

Hapa naomba uvumilie kidogo, kwa sababu bila kuelewa jambo hili maisha ya Folkman hayaeleweki.

Kila seli ya mwili inahitaji oksijeni na chakula, na vyote viwili huletwa na damu. Seli ikiwa mbali na mshipa zaidi ya kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita, haifikiwi. Ndiyo sababu vile vivimbe vilisimama: vya nje vilishiba, vya ndani vilikaa njaa.

Seli inayokosa oksijeni hainyamazi. Hutengeneza protini ndogo na kuitoa nje, ikaenea taratibu mpaka ifike kwenye mshipa wa jirani. Protini za aina hii ndizo tunazoziita vichocheo vya ukuaji. Vipo vya aina nyingi, na kwa mishipa kilicho kikuu kinajulikana kwa herufi VEGF. Ukuta wa ndani wa mshipa mwembamba umepangwa seli bapa, na juu yake zina vipokezi vinavyonasa VEGF kama kitasa na ufunguo wake. Kikishanaswa, seli zile zilizokuwa zimetulia zinaamka. Zinalegeza ukuta unaozishikilia. Moja inatangulia mbele, ikielekea upande ambao kichocheo ni kingi zaidi, kama ncha ya mboga ya maboga inavyotambaa kufuata fito. Nyuma yake nyingine zinagawanyika na kuongezeka, zinajipanga, katikati panabaki uwazi, na tayari kuna mrija. Mrija ukikutana na mwingine vinaungana, na damu inapita. Baadaye seli nyingine huja kuuzungushia mshipa mpya kwa nje ili usivuje. Oksijeni ikishafika, seli zilizokuwa na njaa hupunguza VEGF, na uchipuaji unakoma.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mishipa karibu yote imetulia. Huchipua panapokuwa na sababu: kidonda kinapopona, nyumba ya uzazi inapojijenga upya baada ya hedhi, na zaidi ya yote wakati wa ujauzito, kondo la nyuma linapotengenezwa. Kwa hiyo sisi wanawake ndio tunaofanya kazi hii mara nyingi kuliko yeyote.

Leo mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa haya kwa somo moja. Mwaka 1960 hakuna aliyeyajua.

Miaka ya kuchekwa

Folkman alirudi Boston, akamaliza upasuaji, na mwaka 1967, akiwa na miaka 34 tu, akafanywa mkuu wa upasuaji katika hospitali ya watoto ya Boston. Asubuhi alipasua watoto, jioni alikwenda maabara. Mwezi Novemba 1971 aliandika wazo lake katika jarida kubwa la madaktari la New England. Alisema uvimbe wa saratani hauwezi kupita milimita chache bila kuvuta mishipa mipya. Kwamba uvimbe wenyewe hutoa kitu kinachoita mishipa hiyo. Na kwamba kitu hicho kikizuiwa, huenda uvimbe ukabaki mdogo usiodhuru.

Wanasayansi wengi walimpuuza. Walisema mishipa inayoonekana kwenye uvimbe ni wekundu wa kawaida, kama ule wa jipu. Wengine walisema mpasuaji arudi kwenye kisu chake, mambo ya seli awaachie wenyewe. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba akisimama kuzungumza kwenye mikutano, watu walinyanyuka na kutoka nje. Wanafunzi walishauriwa wasiende kwenye maabara yake wasije wakapoteza maisha yao ya kazi. Maombi yake ya fedha yalikataliwa mara kwa mara.

Sisemi wote waliompinga walikuwa wabaya. Alikuwa hajakionyesha hicho kitu anachokisema, na katika tiba ni haki kuulizwa ushahidi. Kumcheka ndiko kulikokuwa kubaya.

Yeye na vijana wake waliamua kutafuta ushahidi hatua kwa hatua. Walihitaji sehemu ya mwili isiyo na mshipa hata mmoja, ili ukitokea uonekane. Walichagua kioo cha mbele cha jicho la sungura, ambacho ni angavu kama maji. Walipandikiza kipande cha uvimbe pembeni, na baada ya siku chache mishipa ikaonekana ikichipua kutoka ukingoni na kwenda moja kwa moja kwenye kile kipande. Walijifunza pia kukuza seli za mishipa ndani ya vyombo vya maabara. Mwaka 1981 aliacha ukuu wa upasuaji ili muda wake wote uwe wa utafiti. Na mwaka 1984 Michael Klagsbrun na Yuen Shing, watafiti wa maabara yake, walitangaza kwamba wamefanikiwa kukisafisha kichocheo cha kwanza. Kilikuwa kimetoka kwenye uvimbe, na kilifanya mishipa ichipue. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake huko California wakakitambua VEGF. Kicheko kikaisha.

Doa jekundu la mtoto

Folkman alibaki daktari wa watoto moyoni, na ugonjwa mmoja wa watoto ulimvutia kwa sababu ni uvimbe uliojengwa na mishipa ya damu yenyewe. Unaitwa hemangioma. Ndiyo ile alama niliyoanza nayo.

Hemangioma mara nyingi haionekani siku ya kuzaliwa, au huonekana kama doa hafifu. Ndani ya wiki chache za mwanzo inakuwa nyekundu na kuvimba, kwa sababu mishipa ndani yake inachipua kwa kasi. Hukua zaidi katika miezi 3 hadi 5 ya kwanza, kisha inasimama, halafu inanywea polepole kwa miaka. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, ikiwa chini ya ngozi, unaweza kuona uvimbe laini wenye rangi ya bluu badala ya wekundu. Haisababishwi na kitu alichokula mama, wala alichotamani akanyimwa, wala jicho la mtu. Nimeona mtoto aliyepakwa majivu ya moto kwenye alama yake. Kidonda kile kilichukua muda mrefu kuliko alama yenyewe.

Nyingi haziitaji dawa. Lakini mpeleke mtoto kwa daktari mapema, usingoje chanjo ijayo, kama alama iko karibu na jicho, pua, mdomo au sehemu za siri. Kama imechanika au inatoa damu. Kama ni kubwa usoni. Kama mtoto anapumua kwa sauti ya kukwaruza. Au kama anazo 5 au zaidi, maana nyingine zinaweza kuwa ndani, kwenye ini. Jicho la mtoto mchanga likifunikwa kwa wiki kadhaa tu, ubongo unaacha kujifunza kulitumia. Hilo ndilo nililokuwa sijalijua.

Enzi za Folkman, hemangioma kubwa iliyobana koo au kuchosha moyo iliua watoto. Mwaka 1992 yeye na wenzake, Alan Ezekowitz na John Mulliken, walieleza jinsi walivyowatibu watoto 20 wa aina hiyo kwa sindano za intaferoni, dawa inayozuia mishipa kuchipua. Kwa watoto 18 uvimbe ulipungua kwa nusu au zaidi. Ilikuwa furaha kubwa, ila haikuwa safi: baadaye ilionekana kwamba baadhi ya watoto waliopewa intaferoni walipata ukakamavu wa miguu, na madaktari wakaanza kuiogopa.

Maabara yake ndiyo pia iliyotegua kitendawili cha thalidomaidi. Dawa hii walipewa wajawazito Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kupunguza kichefuchefu, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono na miguu mifupi. Mwaka 1994 Robert D'Amato, akifanya kazi na Folkman, alionyesha kwamba dawa hiyo huzuia mishipa mipya. Mkono wa mtoto tumboni hauwezi kurefuka bila mishipa. Leo thalidomaidi inatumika kutibu saratani ya uboho, kwa masharti makali kwamba mgonjwa asipate mimba. Ukiambiwa na mhudumu usinywe dawa yoyote bila kuuliza wakati wa ujauzito, kumbuka dawa hii iliuzwa kama dawa salama.

Dawa ya panya

Mwaka 1998, tarehe 3 Mei, gazeti la New York Times lilitoa habari kubwa ukurasa wa mbele. Maabara ya Folkman ilikuwa imepata vitu viwili, angiostatini na endostatini, ambavyo viliyeyusha uvimbe wa panya. Simu zilimiminika kutoka kila upande, wagonjwa wakiomba dawa ambayo haikuwepo. Folkman hakupenda. Aliwajibu watu kwa utani wa uchungu kwamba kama una saratani na wewe ni panya, anaweza kukutibu vizuri. Alikuwa sahihi kuwa mwangalifu, kwani endostatini ilipojaribiwa kwa watu huko Marekani haikufanya maajabu.

Dawa ya kwanza iliyotengenezwa makusudi ili kunasa VEGF, Avastin, iliidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Ikichanganywa na dawa nyingine iliongeza maisha kwa karibu miezi 5 kwa wastani. Si tiba kamili. Kwa macho matokeo yamekuwa mazuri zaidi. Mtoto njiti huzaliwa kabla mishipa ya nyuma ya jicho haijamaliza kukua. Oksijeni anayopewa ikizidi, VEGF hushuka na mishipa inasimama. Baadaye jicho linalia njaa, VEGF inapanda mno, na mishipa mibovu inachipua na kuweza kuvuta pazia la jicho hadi likabanduka. Leo mtoto kama huyo anaweza kutibiwa kwa mionzi ya leza au kwa sindano ya kuzuia VEGF, akigundulika kwa wakati. Kama wako alizaliwa kabla ya wakati, uliza siku ya kupimwa macho. Kwa kawaida ni kama wiki 4 baada ya kuzaliwa, hata kama anaonekana mzima kabisa.

Na kifafa cha mimba? Wagonjwa wa saratani wanaopewa Avastin wengine hupanda presha na kutoa protini kwenye mkojo. Dalili hizo mkunga yeyote anazitambua. Mwaka 2003 watafiti wa Boston, wakiongozwa na Ananth Karumanchi, walionyesha kwamba kondo la mama mwenye tatizo hili humwaga kwenye damu kitu kinachonasa VEGF. Mishipa ya mama inakosa kichocheo inachokihitaji ili iwe na afya, presha inapanda, figo zinavuja. Ndiyo sababu tiba yenyewe ni kuzaa, yaani kondo litoke. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au vimulimuli, uso na mikono ikivimba ghafla, au ukiumwa chini ya kifua upande wa kulia, nenda kituoni hata kama ni usiku. Hatari hiyo inaendelea wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Folkman alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 14 Januari 2008, katika uwanja wa ndege wa Denver, akiwa njiani kwenda mkutanoni Vancouver. Alikuwa na miaka 74.

Wakati huo mjini Bordeaux, Ufaransa, Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa wameona jambo la ajabu. Mtoto mwenye hemangioma usoni alipata shida ya moyo, wakampa propranololi, dawa ya zamani na ya bei ndogo ya moyo na presha. Kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika rangi na kuanza kulainika. Wakawajaribu watoto wengine, ikawa vile vile. Ndiyo dawa aliyopewa yule mtoto wangu wa kope. Ripoti yao ilitoka Juni 2008, miezi mitano baada ya Folkman kuzikwa.